Nyuzi Nane, Vidole Vitatu

Jumamosi, 9 Agosti

Upepo tangu alfajiri. Nusu ya mchanga wa Ghanzi imo machoni mwangu, nusu nyingine nimeimeza.

Leo kwenye mazoezi Jeneza katoa tangazo. Jeneza ndiye mwimbaji wetu na mpiga besi. Siku za kazi anauza bima ya mazishi, kwa hiyo jina lake halikutafutwa mbali. Kasema sauti yake imeshuka.

"Nimetimiza hamsini na tatu, jamani. Sauti imetumbukia kisimani na kamba ni fupi. Sasa gitaa linifuate huko huko chini."

Nyimbo mpya zote tatu anazitaka kwenye noti ya chini kabisa, ambayo gitaa langu la nyuzi sita haliifikii hata ukilitishia kulichoma. Basi bendi imeamua: Spana atafute gitaa la nyuzi nane kabla ya tamasha la Desemba.

Spana ni mimi. Nina miaka hamsini na mbili, naendesha lori la ng'ombe kutoka Ghanzi hadi machinjioni Lobatse, na katika maisha yangu sijawahi kuachiwa kuchagua hata pazia.

Kwato akapiga ngoma kubwa mara moja, yaani kura imepita. Huyu Kwato ni mwalimu wa darasa la pili. Wiki nzima ni mama mpole mwenye chaki mfukoni, ila Jumamosi anazipiga ngoma kana kwamba zimemtukania wazazi.

Nikapinga. Nikasema nyuzi saba zinatosha. Nikasema shingo ya nyuzi nane ni pana kama ubao wa kukatia nyama. Nikasema na mengine. Sababu yenyewe sikuisema. Naiandika hapa kwa kuwa daftari halina mdomo: kidole cha pete na kidole kidogo vya mkono wangu wa kulia vinakufa ganzi. Nami ni mtu wa shoto. Gitaa langu limegeuzwa: mkono wa kushoto unachapa nyuzi, wa kulia unazibana shingoni. Huo wa kulia ndio unaonikimbia.

Ugonjwa wa kaka yangu Ontiretse, ule wa kunyausha misuli, ulianzia mkononi. Aliangusha kikombe, tukacheka. Miezi kumi na minane baadaye tukamzika.

Jumapili, 10 Agosti

Mke wangu, Mama Lorato, yuko kanisani, mimi niko na kioo. Nimetoa ulimi. Ulimi wa Ontiretse mwishoni ulikuwa ukichezacheza wenyewe, kama ngozi ya ng'ombe inavyofukuza nzi. Wangu umetulia. Nadhani.

Jumatano, 13 Agosti

Lobatse na kurudi. Upepo. Ulimi umetulia.

Jumamosi, 16 Agosti

Sisi Marock, watu wa majaketi ya ngozi na muziki wa radi, hatusalimiani kama makarani. Unaunyakua mkono wa mwenzako, unaukamua, unautikisa mpaka begani, kisha mnagongana vifua. Wageni wakituona hudhani ni ugomvi. Mkono mlegevu kwetu ni wa mtu anayeficha jambo.

Kwa hiyo wiki hii nimekuwa mtu wa mizigo, mikono ijae nisisalimiwe. Nimeingia gereji tunamofanyia mazoezi nimekumbatia amplifaya. Nilipoitua, Kwato alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikampa wangu wa kulia, ule wa kushoto nikaushikiza chini ya kiwiko, na kichwa nikakiinamisha kwa adabu zote.

"Ee! Spana," akasema, "mimi ni mama mkwe wako?"

"Heshima si utumwa."

"Umeokoka?" Jeneza akauliza. "Sema tu, tukutafutie kinanda."

Kisha na yeye akanisalimu, ila kidogo tu, kama mtu anayeshika yai. Nimelifikiria hilo njia nzima kurudi. Jeneza hajawahi kunisalimu hivyo. Mtu anapoanza kukushika kwa vidole viwili, ujue ameshakutoa kwenye hesabu zake.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimejaribu ujanja. Nimeagiza uzi mmoja mnene, karibu wa kufungia lango la zizi, nikaufunga kwenye gitaa langu la zamani na kuulegeza mpaka noti anayoitaka Jeneza. Nikachapa. Uzi ukapepea kama kamba ya kuanikia nguo.

Kwato aliweka fimbo zake chini. "Hiyo si noti. Hiyo ni ng'ombe amekwama kwenye tope na hataki msaada."

Jeneza akatoa futi ya fundi cherehani. Gitaa langu lina uzi wa inchi ishirini na tano na nusu toka daraja hadi kichwani. "Ukitaka kushuka huko na uzi ubaki umekaza, unahitaji inchi ishirini na nane. Uzi mrefu, mvutano unabaki. Hata wewe unajua."

Najua. Najua pia upande wa pili wa jambo hilo, ambao yeye hautaji: shingo ikirefuka, nafasi kati ya mlia na mlia, vile vyuma vya shingoni, nazo zinapanuka, na vidole lazima vitanuke zaidi kuzifikia. Gitaa ambalo bendi inalihitaji ndilo hasa ambalo mkono wangu hauliwezi.

"Nyuzi saba," nikasema.

"Unaogopa nini, wewe?" akasema Jeneza.

Nikamwambia naogopa mgongo, kwa uzito wake. Akanitazama mkono.

Jumanne, 9 Septemba

Joto limeingia ghafla kama mgeni asiyebisha hodi.

Ijumaa, 12 Septemba

Jeneza amekuja nyumbani na fomu. Bima yangu ya mazishi eti inatakiwa kujazwa upya. Akanywa chai, akala maandazi manne, akaiweka fomu mbele yangu na kuikunjua kwa kiganja, taratibu.

"Ijaze bila haraka, kaka. Maswali yote."

Tangu lini bima inajazwa upya mwezi wa tisa? Alipoondoka nikaisukuma chini ya godoro. Miaka ishirini na sita tunapiga muziki pamoja, na sasa mtu ananipima urefu huku akila maandazi yangu.

Jumatatu, 22 Septemba

Ng'ombe mmoja kafia njiani, kijijini Kang. Joto. Ulimi sijauangalia, nimejizuia. Nimeuangalia kwenye kioo cha pembeni cha lori.

Jumanne, 30 Septemba

Sikukuu ya uhuru. Nimeangusha kikombe.

Alhamisi, 2 Oktoba

Hakikuvunjika, kilikuwa cha bati. Watu wakacheka. Mama Lorato hakucheka.

Jumapili, 5 Oktoba

Leo hakwenda kanisani. Alisimama mlangoni nikiwa mbele ya kioo.

"Baba Lorato. Ni nani?"

"Nani ni nani?"

"Huyo mwanamke. Mwezi wa pili huu uko kwenye kioo kama bibi harusi. Mtu wa miaka hamsini na mbili! Kwetu unanyoa kwa kubahatisha, leo unakagua mpaka ulimi."

Mungu anisamehe, nilitamani awepo huyo mwanamke. Ningemkiri pale pale, nikapigwa sufuria, nikalala zizini, yakaisha. Badala yake nikasema nina jino.

"Jino liko kwenye ulimi?"

"Linaanzia hapo."

Akaondoka. Alimuuguza Ontiretse pamoja nami. Kama anaamini ni mwanamke, basi ni kwa sababu amechagua kuamini hivyo, na hilo limenitisha kuliko yote.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimerudi kutoka Gaborone jana jioni. Leo joto ni la kukaangia yai kwenye bati. Naandika kwa mkono wa kushoto kama kawaida, na wa kulia nimeukalia ili nisiuone.

Niliwaambia nakwenda kuchagua gitaa. Nia yangu ilikuwa kwenda, kurudi, na kusema hakuna la kufaa. Magitaa ya shoto ni haba siku zote, na ya nyuzi nane ni haba mara mbili, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na miguu mizuri. Mwenye duka ni Rra, yaani Bwana, Kebonang, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa gitaa. Akasema, "Una bahati ya ajabu. Ninalo moja la shoto. Nyuzi nane, inchi ishirini na nane."

Bahati yangu ndivyo ilivyo, huja siku ambayo sijaiita.

Akanisomesha kama mtoto. Usiunganishe umeme kwanza, alisema, umeme ni vipodozi. Livae kwa mkanda, kisha uachie mikono yote miwili: shingo ikianguka kuelekea chini, utalibeba shoo nzima badala ya kulipiga. Nikaachia. Halikuanguka. Sasa uchape uzi mnene taratibu, kisha uchape kwa hasira. Noti ikipanda pale unapokasirika, uzi umelegea, likatae. Nikachapa taratibu. Nikachapa kwa hasira. Noti haikusogea. Ilikaa chini pale pale, nyeusi, imeketi kama fahali, na vioo vya duka vikaitika.

Ndilo. Nilijua hapo hapo. Nikasahau nia yangu yote.

"Bana nyuzi basi," akasema.

Kulikuwa na wateja wawili, vijana wa kike wenye fulana za bendi, wamesogea kumsikiliza mzee wa Ghanzi na viatu vyake vya ng'ombe. Nikaweka kidole cha shahada. Nikaweka cha kati. Nikakituma cha pete na hakikufika. Nilikiangalia. Kilikuwa kimesimama hewani, kimekunja shingo, kama mtu aliyeitwa na jina lisilo lake. Nikachapa hivyo hivyo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mlango wa zizi. Wale wasichana wakageukia ukuta na kuanza kusoma bei za nyuzi.

"Shingo nzito," nikasema.

Rra Kebonang alilipokea gitaa kwa mikono miwili. Kisha, kwa sauti ya chini, wasisikie wengine: "Si shingo, mzee mwenzangu. Hebu." Akaugusa mkono wangu, pale kati ya kidole gumba na cha shahada. Ambapo huwa pana nyama, pana bonde. Bonde kabisa, maji yangetuama.

Ontiretse alikuwa na bonde hilo. Nilikuwa naliona kila nilipomshikia kijiko.

Sikumbuki kuaga. Njiani kurudi, kilomita mia sita na kitu, nilisimama mara nyingi nikashuka, nikatembea kuzunguka gari nikinyanyua miguu juu kama askari wa gwaride, kuona kama inaitika. Mchungaji mmoja wa mbuzi akanipigia saluti.

Jumamosi, 25 Oktoba

Wingu moja asubuhi, likaondoka.

Gereji. Kwato alikuwa amekaa nyuma ya ngoma bila fimbo mkononi, hapo nikajua ni baraza. Jeneza akasema, "Gitaa liko wapi?"

"Shingo nzito."

"Nipe mkono."

"Nimebeba..."

"Hukubeba kitu. Nipe mkono, Spana."

Nikampa. Akaushika kwa mikono yake yote miwili, yule mtu mwenye sauti ya kaburi, na hakuukamua.

"Tangu Agosti nakushika kama yai," akasema. "Ulidhani nimezeeka?"

"Nilidhani unanitoa kwenye bendi."

"Mjinga." Akageuza uso kwenye matairi. "Nilimlisha Ontiretse uji na mimi, au umesahau? Jumatano zote. Unadhani sijui mkono ukoje unapoanza?"

"Na ile fomu?"

"Swali la tisa. 'Je, una maradhi yoyote?' Nilitaka ulijaze tu. Sikujua njia nyingine ya kukuuliza. Mimi nazungumza na watu juu ya vifo kila siku ya kazi, lakini kwa fomu! Bila fomu nitaanzia wapi?"

Miezi miwili na zaidi nimemchukia mtu kwa kuniogopea.

Kwato akasema, "Hospitali lini?"

"Nikienda wataniambia."

"Ndiyo maana watu huenda."

"Kwato, mimi nikiambiwa ni kile cha Ontiretse..."

"Utakuwa nacho hicho hicho ulichonacho leo," akasema kwa sauti ya darasa la pili. "Jumatatu nakuombea ruhusa kazini. Nyamaza. Kaa chini."

Nikakaa chini.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimemwambia Mama Lorato. Akasema, "Nilikuwa nimeshamkubali huyo mwanamke." Kisha akaegemea friji na kulia, na mimi nikashikilia sahani aliyokuwa anaosha, nisijue niiweke wapi.

Jumatatu, 10 Novemba

Usiku huu tunaondoka, kesho hospitali, Gaborone. Mama Lorato amepasi suruali ya ngozi. Ngozi haipigwi pasi. Hakuna aliyemwambia.

Jumanne, 11 Novemba

Nilivaa ngozi kamili, ili hospitali isijue naogopa. Jaketi, buti, mkanda wa pembe, na kinga yangu ya mkono wa kulia, ile niliyoishona mwenyewe ya ngozi ya ng'ombe na vichwa vya bolti, inayofungwa kwa kamba toka kifundo hadi juu ya kiwiko. Daktari, mama mfupi mwenye sauti ya upole, akasema nivue. Nilibaki na fulana na soksi zenye tundu.

Alinichoma sindano ndogo zenye waya: mkononi, mguuni, hadi chini ya kidevu. Mashine ikawa inakwaruza kama redio isiyokuwa na stesheni. Alikuwa anaisikiliza. Na mimi nikaisikiliza, maisha yangu yote nimesikiliza makelele, lakini haya sikuyaelewa, wala uso wake haukutafsiri.

Akauliza juu ya kaka yangu. Nikasimulia yote. Akauliza, "Yeye alikuwa akilalamika ganzi?"

Nikafungua mdomo kusema ndiyo. Haikuja. Nilimkumbuka Ontiretse kitandani, hanyanyui hata kidole, na nzi mmoja kwenye mguu wake, na macho yake yakituomba tumfukuze. Alihisi yule nzi. Alihisi kila kitu, mpaka siku ya mwisho.

"Hapana," nikasema. "Hakuwahi kufa ganzi popote."

"Na wewe umekufa ganzi vidole viwili tu, na ukingo wa kiganja."

"Ndiyo."

Akaandika. Akaokota kinga yangu kutoka kwenye kiti, akaigeuza, akaona jinsi kamba zilivyokula ngozi pale kwenye kiwiko.

"Hii unaivaa lini?"

"Nikiendesha."

"Na kiwiko unakiweka wapi?"

"Dirishani."

"Miaka mingapi?"

"Tisa."

"Kwa nini, Rra?"

Hakukuwa na jibu zuri, nikampa la kweli. "Madereva wenzangu hunipungia mkono."

Alivua miwani. Alijitahidi sana, nalisema hilo kwa haki yake, lakini kicheko kilimshinda, na akaomba radhi huku machozi yakimtoka. Mshipa wa fahamu unapita pale nyuma ya kiwiko, alisema, chini ya ngozi tu, na mimi kwa miaka tisa nimeufunga kama mbuzi wa kuuza. Si ugonjwa wa kaka yangu. Februari watanipasua kuulegeza. Ila nyama iliyokwisha kunywea hakuahidi itarudi, wala hivyo vidole viwili.

Nje Mama Lorato alikuwa amesimama kwenye jua, ingawa viti vilikuwepo. Nilimwambia. Alinipiga begani kwa mkoba, mara mbili, kwa nguvu zake zote.

Ijumaa, 14 Novemba

Najua hakuna haja ya kuangalia ulimi tena. Nimeuangalia. Umetulia.

Jumatano, 19 Novemba

Mvua kidogo, matone ya kuhesabika. Sasa nina hofu mpya, na naona haya kuiandika baada ya ile kubwa. Vidole vitatu ndivyo vilivyobaki. Bila gitaa mimi ni mtu anayenuka ng'ombe tu.

Jumamosi, 22 Novemba

Gereji. Nikawaambia watafute mpigaji mwingine. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri, na sehemu ya kusikitisha nimeiweka mwishoni.

Kwato hakuingoja. "Mkono wa kushoto una nini?"

"Mzima. Ndio unaochapa."

"Basi ubane. Huo mbovu uchape. Kuchapa kunataka gumba na cha shahada, si hicho chako cha pete kilichostaafu."

"Nipige kwa kulia? Kama watu wengine? Kwato, bibi yangu alinichapa viboko miaka mitatu nile kwa mkono wa kulia, na akafa ameshindwa."

"Bibi yako hakuwa na cheti cha ualimu."

"Nitakuwa kama mtoto! Miaka ishirini na sita itafutika yote."

"Nina arobaini darasani hawajui kushika penseli," akasema. "Hakuna hata mmoja anayenipa hotuba."

Jeneza alikuwa akipapasa uzi mnene wa besi yake. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya kisimani, "Tukiulegeza uzi wa chini kabisa hatua mbili zaidi, kidole kimoja kikilala juu ya zile nene tatu, ni radi tayari. Kimoja tu, Spana. Hata mimi naweza."

Jioni nimempigia simu Rra Kebonang. Lile la shoto, alisema, bado lipo. Nikaona noti ile imeketi kama fahali. Kisha nikalitazama lile bonde la mkononi. Nikamuuliza kama analo la kulia. Analo: nyuzi nane, na milia yake haikupangwa sambamba, imetawanyika kama mbavu, upande wa nyuzi nyembamba inchi ishirini na sita na nusu, upande wa nene ishirini na nane. Kwa mkono unaoanza, alisema, ni rahisi kidogo kulifikia.

"Kwa mkono unaoanza," nikasema, "nalichukua."

Ijumaa, 28 Novemba

Limefika na basi. Nimelivaa mbele ya kioo na kujiona mwizi aliyevaa gitaa la mtu.

Jumanne, 2 Desemba

Vibaya.

Jumatano, 3 Desemba

Vibaya sana. Kuziba nyuzi zisivume kunafanywa kwa ukingo wa kiganja, na ukingo huo ndio uliokufa. Sijui nimegusa au sijagusa mpaka nisikie. Mama Lorato anasema linasikika kama jenereta linalokataa kuwaka. Ila amekaa hapo hapo, anachambua maharage.

Jumamosi, 6 Desemba

Mvua ya kweli, bati la gereji likatuzidi sauti. Wimbo mmoja, mara kumi na moja. Mara ya tisa Kwato alitabasamu, na Kwato hatabasamu akiwa na fimbo mkononi.

Jumamosi, 13 Desemba

Tamasha. Nyuma ya trela la jukwaa, saa kumi na moja jioni. Matope hadi kifundo. Watu wamekuja kutoka Maun, Windhoek, hadi Francistown, ngozi zao zimelowa na kunuka kama mnada. Tutapiga nyimbo mbili za zamani bila gitaa, ngoma na besi tu, kisha ule mmoja mpya.

Jeneza ananizunguka kama kuku. "Uko sawa?"

"Naogopa."

"Ya kawaida au ile nyingine?"

Nikaachia shingo ya gitaa, nikanyoosha mikono mbele yangu nione. Inatetemeka yote miwili, sawasawa.

"Ya kawaida," nikasema.

Wanatuita.